Mali Bila Daftari

Hebu hesabu pesa zako kwa sauti. Neno pesa lenyewe ni mtoto wa paisa, sarafu ndogo ya India. Ukifika laki moja tayari umehesabu Kihindi, maana laki ni lakh, yaani elfu mia moja. Ukiandika hundi, au ukilipia bima ya pikipiki, maneno yote mawili yalivuka Bahari ya Hindi na wafanyabiashara kabla benki hazijajengwa huku. Hata rupia, ambayo siku hizi tunaisikia kwenye filamu tu, iliwahi kuwa pesa halali ya nchi hii. Kwa hivyo msee wa Nairobi anayelia kwamba mwezi umekuwa mrefu, analia kwa msamiati wa wenye maduka.

Mimi natoka Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilicho zaidi ya saa moja kwa boti ya abiria kutoka Mbita. Huko kwetu, na kote katika fuo za Homa Bay na Migori, kuna maneno ambayo kila mtu ameyasikia: pesa ya ziwa haikai. Maneno hayo yana ndugu yake, kwamba Mhindi anajua kuweka na mvuvi anajua kula. Nimeyasikia kwa walimu, kwa wahubiri, kwa watu wa mashirika wanaokuja na makoti ya kuokolea, na kwa wavuvi wenyewe wakijicheka. Nilisomea uchumi kwa miaka miwili kabla ya karo kunitoa chuoni, na huko pia niliyakuta, ila yalikuwa yamevaa suti.

Nimechoka nayo. Yanamwambia mtu anayelala majini usiku kucha kwamba umaskini wake ni tabia. Pia yanamfanya Mhindi wa dukani aonekane kama alizaliwa na kibubu mkononi. Ukifuata historia ya pesa katika ziwa hili, utaona kitu kingine kabisa.

Tuanze na kodi. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence. Mwaka uliofuata, eneo hili la Nyanza lilihamishwa kutoka Uganda na kuwekwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki, ambao baadaye uliitwa Kenya. Serikali ya Waingereza ilitaka kodi ya nyumba, na katika miaka ile ya mwanzo kiwango kilifika rupia 3 kwa nyumba moja. Rupia za India, kweli. Kisiwani watu walikuwa na samaki, mtama, mbuzi na ng'ombe, lakini rupia hawakuwa nazo. Ili uipate, ulilazimika kuuza kitu au kwenda kibarua.

Hapo ndipo pesa ilipojifunza kupita bila kukaa. Ilikuja kwa ajili ya kodi na ikaondoka na kodi. Akiba ya kweli ilikuwa zizini. Ng'ombe huzaa, hutoa maziwa, huoa na hulipa faini. Tena hakuna gavana anayeweza kuamka asubuhi na kutangaza kwamba ng'ombe wako amepitwa na wakati. Pesa ilifanyiwa hivyo hasa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda duniani, rupia ikapanda nayo, na walowezi waliokuwa na madeni wakapiga kelele. Mwaka 1920 serikali ikaitoa rupia na kuleta florin. Hata watu hawajazoea kutamka florin, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1920. Sarafu tatu kwa muda mfupi namna hiyo! Sasa niambie nani hapo alikuwa mjinga: aliyezika sarafu chini ya kitanda au aliyenunua ndama?

Sasa tuje kwa mwenye duka. Kuna hadithi tuliyofundishwa kwamba Wahindi wa Kenya ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Ukweli ni mdogo kuliko hadithi. Takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, karibu 2,500 wakafa kazini, na wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka wengi walikuja kwa nauli yao wenyewe, hasa kutoka Gujarat na Kutch, wakifuata jamaa aliyetangulia. Maarufu kati yao ni Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo, akaanzia Bagamoyo na Zanzibar, na hadi anafariki mwaka 1916 alikuwa na maduka kuanzia pwani hadi Kisumu na ndani ya Uganda.

Siri ya biashara ile ilikuwa deni. Tajiri wa Mombasa alimpa mwenye duka wa Kisumu bidhaa kwa mkopo. Wa Kisumu akampa wa Kendu Bay au Homa Bay, na wa Homa Bay akamkopesha mteja sukari, chumvi, kitambaa na mafuta ya taa. Kila hatua iliandikwa daftarini. Mnyororo mzima ulisimama juu ya jina: ukiharibu jina lako Homa Bay, shemeji yako wa Mombasa anajua kabla jua halijatua. Ndiyo maana mwenye duka aliishi nyuma ya duka na familia nzima, akala dengu na chapati, akavaa shati moja mwaka mzima. Alikuwa na bidhaa za watu wengine mkononi, na akitumia ovyo, anaangusha ukoo.

Halafu kuna sheria. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengewa Wazungu, na Waraka wa Devonshire wa 1923 ukaidhinisha hivyo. Mhindi angeweza kuwa na pesa kiasi gani, shamba la kule hangelipata. Basi pesa yake ilienda kule ilikoruhusiwa: kwenye bidhaa, kwenye jengo la mjini, kwenye bangili za dhahabu za mkewe, na kwenye karo za watoto. Mwafrika naye alifungiwa mlango mwingine. Sheria za kikoloni zilibana mikopo kwa watu walioitwa wenyeji, kwa kisingizio cha kuwalinda. Matokeo yake mwenye duka alimkopesha Mwafrika sukari lakini hangethubutu kumkopesha mtaji, kwa sababu deni kubwa lingekuwa gumu kudaiwa mahakamani. Mmoja alinyimwa ardhi, mwingine akanyimwa mkopo. Miaka 50 baadaye tukageuza matokeo ya sheria hizo kuwa tabia za makabila.

Waafrika wa Nyanza walilijua hilo vizuri. Mwaka 1947 mwalimu mmoja wa Maseno, Jaramogi Oginga Odinga, aliacha kufundisha akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation. Tazama neno la pili katika jina hilo: maana yake ni kubana matumizi na kuweka akiba. Kabla ya kuwa makamu wa rais na kabla ya kuwa mpinzani, Odinga alizunguka akiuza hisa, akiwaambia watu wa kwao kwamba shilingi kumi kumi za watu wengi zinaweza kujenga. Zikajenga: Ramogi House mjini Kisumu, kiwanda cha uchapishaji, duka Maseno. Biashara ile ilipata misukosuko mingi. Lakini ilithibitisha kwamba watu wale wale walioambiwa hawajui kuweka akiba waliiweka, mara tu walipopata mahali pa kuiweka na mtu wa kumwamini.

Wakati huo huo Wahindi nao walikuwa wanabadilika. Mwaka 1937 jamii ya Ismailia ilimpima Aga Khan wa tatu kwa dhahabu jijini Nairobi, kuadhimisha miaka 50 ya uongozi wake. Picha ya mtu kwenye mizani na dhahabu upande wa pili ilienda dunia nzima. Cha maana zaidi ni kilichofuata. Mwaka huo huo kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa. Miaka michache baadaye, jubilei ya almasi ya 1946 ilizaa taasisi ya mikopo ya nyumba na biashara, ambayo leo tunaiona barabarani kama Diamond Trust. Dhahabu ya bangili ikageuka karatasi: sera ya bima, hisa, mkopo wa nyumba. Mjukuu wa mwenye duka akaacha kulala nyuma ya duka.

Kisha wakaja kushtuka. Mwaka 1962 Kenya ilikuwa na zaidi ya watu 170,000 wenye asili ya Asia. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 ikasema asiye raia asiuze bidhaa fulani wala asifanye biashara maeneo fulani. Watu wakakimbilia Uingereza kwa pasipoti zao za Kiingereza, na Uingereza ikatunga sheria ya haraka mwaka 1968 kuwafungia mlango. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Kufikia 1979, waliobaki Kenya walikuwa chini ya 80,000. Ukipita Kendu Bay utaona bado majengo ya maduka yale ya zamani, yenye kuta nene na mabati yaliyoshika kutu.

Kwa waliobaki, somo lilikuwa wazi: usiweke akiba katika kitu ambacho huwezi kukibeba. Duka halibebeki, shahada ya udaktari inabebeka.

Niliwahi kufanya kibarua miezi kadhaa katika duka la vifaa vya ujenzi Kisumu. Mdosi, mtu wa miaka sitini hivi, alinionyesha siku moja daftari jekundu la babu yake, refu na jembamba, lililoandikwa kwa Kigujarati. Hakuweza kulisoma. Anazungumza Kigujarati, Kiswahili, Kiingereza na Kijaluo cha kukopesha misumari, lakini maandishi ya babu yalimpita. Aliniambia kwamba babu aliweka, baba aliweka, naye analipa: mkopo wa nyumba, kadi, karo za nje. Watoto wake wawili wako ng'ambo na hakuna anayelitaka duka. Alikuwa anacheka akisema hivyo, ila kidogo tu.

Usidhani ni Kisumu peke yake. India kwenyewe tabaka la kati la mijini limepitia njia hiyo hiyo. Wazazi walioishi kwa mshahara wa serikali, dhahabu na akaunti ya posta waliona benki kubwa 14 zikitaifishwa mwaka 1969 na matawi yakisambazwa hadi vijijini. Watoto wao wakaona uchumi ukifunguliwa mwaka 1991, na mikopo ya magari na nyumba ikaja nyuma yake. Wajukuu walipata UPI mwaka 2016, na sasa hata muuza chai wa barabarani analipwa kwa simu. Damu ni ile ile na methali za bibi ni zile zile. Kilichobadilika ni nyumba ya pesa, na tabia ikahamia humo.

Turudi ziwani. Nyavu za kisasa za kutega ziliingia ghuba ya Kisumu mwaka 1905, na kufikia miaka ya 1920 ngege walikuwa wamepungua kiasi kwamba serikali ilimtuma Michael Graham kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Halafu kwenye miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 akaletwa mbuta, yule Watanzania wanamwita sangara. Kwa miaka ishirini alikula wenzake kimya kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka upande wa Kenya. Vikajengwa viwanda vya minofu Kisumu, Homa Bay na Migori, vingine vikiwa vya Wakenya wenye asili ya Asia, na samaki wa Mfangano akaanza kuliwa Ulaya.

Hizo ndizo pesa ambazo watu wa nje walizishangaa. Wazee wa Sena wanasimulia vijana walivyorudi ufuoni na noti zilizolowa maji, wakanunua redio kabla ya kununua paa. Wasichosimulia wageni ni mpangilio wenyewe. Ajenti wa samaki alimkopesha mvuvi nyavu na injini, kwa sharti kwamba samaki wote auziwe yeye, kwa bei yake. Baada ya kutoa mafuta, kilichobaki kiligawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Deni lilikuwa limeshika mkono wa mvuvi kabla samaki hajatoka majini. Na kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilipofunga soko mara kadhaa kwa hofu ya usafi na ya sumu ya kuvulia, kijana wa Mfangano ambaye hajawahi kuona Brussels kwa ramani alikosa mapato kwa agizo la Brussels.

Omena nao wana kalenda yao. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukijaa, taa haina nguvu na watu hupumzika. Juu ya hayo kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena, takriban miezi minne kuanzia Aprili. Kwa hivyo kipato cha kisiwa huja kwa mawimbi: wiki mbili kuna pesa kila asubuhi, kisha siku kumi hakuna, kisha miezi mizima hakuna. Mshahara wa mwisho wa mwezi ndio uliotunga kanuni zote za akiba tunazofundishwa. Weka asilimia fulani, wanasema. Asilimia ya nini, siku ya mwezi mpevu?

Na ungeiweka wapi? Benki ya Posta ilianzishwa mwaka 1910, lakini benki iliyo ng'ambo ya maji ina nauli ya boti kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi. Pesa ndani ya nyumba ya mabati ina ndugu, wagonjwa na matanga. Mvuvi aliyemnunulia dada yake sare ya shule na jirani yake jeneza amefanya nini hasa? Mchumi atasema ametumia. Nyanya yangu angesema ameweka, kwa watu, na siku yake ikifika atatoa. Hiyo ni bima, ila haina karatasi. Upungufu wake ni kwamba mwenye dhiki nyingi hulipwa na mwenye samaki wengi, na ufuo mzima ukikosa samaki kwa pamoja, hakuna wa kumlipa mwenzake.

Ndiyo maana naamini mapinduzi makubwa ya pesa Mfangano yalifanywa na wanawake wanaoanika omena. Wao hununua kwa debe, hukausha juu ya nyavu kuukuu, huuza kwa gorogoro, na mvua moja ikinyesha vibaya mtaji umeoza. Wakaingia vyama. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, ni mbinu iliyoanza Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Kila wiki wanakaa mduara, kila mtu anaona kilichoingia na nani amekopa. India wana ndugu wa kitu hiki. Wanaita chit, na wameitungia sheria kitaifa mwaka 1982. Akina mama wa Kihindi wa mjini wana wao, wanaita kitty, na huambatana na chai na sambusa. Tofauti kati ya chumba cha Parklands na mchanga wa Sena ni kiasi cha pesa tu. Akili ni moja: akiba inayoonwa na macho ya watu haiibiwi kirahisi, hata na mwenyewe.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwa kisiwa hiyo ilikuwa kama benki kuvuka maji bila boti. Mvuvi akiwa bado ufuoni angeweza kutuma pesa ya unga kabla mtu hajamvuta mkono kwenda kilabuni. M-Shwari ikaja Novemba 2012, na kwa mara ya kwanza ukaweza kukopa bila kumtazama mtu usoni. Fuliza ikafuata Januari 2019. Sasa simu inakukopesha ukiwa kwenye foleni ya kununua mafuta, na ada inahesabiwa kila siku ukiwa umelala. Jioni hiyo hiyo simu hiyo hiyo inakuonyesha mkeka wa mechi kumi na mbili.

Nawatazama wenzangu wa rika langu, wa Mfangano na wa Nairobi, na naona tumefanana kuliko tunavyokubali. Mchoraji wa tovuti anayelipwa kwa kazi, rider wa bodaboda, mwandishi kama mimi: sote tuna mwezi mpevu wetu, siku ambazo taa haivuti kitu. Sote kipato kinakuja kwa mawimbi, na sote tunaambiwa na wenye mishahara kwamba hatuna nidhamu. Methali inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaisoma kama onyo la kuandika matumizi yako. Mimi naisoma pia kama swali: daftari liko kwa nani? La mwenye duka lilikuwa na jina lako na sura yake, na ungeweza kumwomba asubiri hadi mwezi ugeuke. La chama lina macho thelathini. La simu linakujua vizuri kuliko yote, linajua hata saa unayoishiwa, lakini halina mlango wa kubisha.

Kwa hivyo ukimsikia mtu akisema pesa ya ziwa haikai, muulize ilitengenezewa kiti lini. Nchi hii ilimkaribisha mvuvi mezani mwa pesa kwa kodi, ikambadilishia sarafu mara mbili, ikamnyima mkopo halali na ikamwachia deni la nyavu. Pamoja na hayo yote, kuna mwanamke Mfangano leo mwenye ufunguo mmoja kati ya mitatu, ameufunga kwenye ncha ya leso. Hawezi kulifungua sanduku peke yake, na alichagua mwenyewe iwe hivyo.